Mangi Anakopesha, Supamaketi Inakopa

Ndugu zangu, leo tuiache siasa pembeni kidogo tuongee habari za maduka. Najua kuna watakaosema huyu mwandishi kaishiwa, lakini vumilieni. Nyuma ya rafu za sabuni na biskuti kuna historia nzito ambayo magazeti yetu yaliiandika vipande vipande, kila duka lilipofungwa, kisha yakasahau.

Hebu tukumbushane. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2014 ikauza maduka yake 3, mawili ya Dar es Salaam na moja la Arusha, kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga maduka yake yote ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt waliomrithi Shoprite nao hawakukaa. Ilipofika 2018 walikuwa wameshafungasha. Game ya Massmart, ambayo tangu 2011 ilikuwa mikononi mwa Walmart ya Marekani, ikafunga 2022 baada ya wenyewe kutafuta mnunuzi na kumkosa. Yaani hata Walmart, na ukubwa wake wote, ilipita Dar kupitia mlango wa Game na ikatokea mlango huohuo.

Wakati huohuo Mangi wa mtaani kwetu yupo palepale. Kaongeza jokofu na kibanda cha miamala ya simu, basi.

Kwa nini? Maelezo mawili yanayotolewa sana mimi siyakubali. La kwanza ni kwamba Waswahili hawana hela za supamaketi. Aliyewahi kupita Mlimani City Jumamosi ya mwisho wa mwezi anajua foleni za pale zilivyokuwa. La pili ni kwamba intaneti imeua maduka, kama Marekani ambako Toys "R" Us ilifunga maduka yake ya huko mwaka 2018 na Sears ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka huohuo. Hiyo ni hadithi ya kwao. Sisi hapa Jumia, duka la mtandaoni lililokuja kwa mbwembwe, lilifunga shughuli Tanzania Novemba 2019, kabla ya Game. Sasa aliyekufa kwanza amuueje aliyekufa baadaye?

Ili tuelewe, inabidi turudi nyuma.

Kwetu sisi duka kubwa lenye matawi lilikuwa la serikali kwanza. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, kampuni kubwa za kuagiza na kuuza bidhaa zilitaifishwa, likaundwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Mwaka 1973 STC ikavunjwa na kila mkoa ukapewa kampuni yake ya biashara, RTC. Waliozaliwa kabla ya 1980 wakisikia RTC wanatabasamu kwa namna ambayo siyo furaha. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi, hasa vijijini, yafungwe, nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa na ya ushirika. Kufunga ilikuwa kazi ya siku chache, ila kufungua ndiko kulikoshindikana. Vijiji vikajikuta havina pa kununulia chumvi, na ndani ya miezi michache serikali ikalegeza kamba.

Miaka ya mwanzo ya 1980 ndiyo ile ya bidhaa adimu, maduka ya kaya, na foleni ambazo watu walipanga mawe na vikapu kushika nafasi. Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, mwaka uliofuata akaingia Mzee Ruksa, na RTC zikaanza kufa kifo cha taratibu. Kumbukeni ugonjwa wake: RTC ilikuwa na majengo, wafanyakazi na wateja, ikakosa mali ya kuuza. Nauweka hapo, nitaurudia.

Sasa tuvuke Namanga, maana hao waliokuja kufunga huku kwetu wengi walizaliwa upande ule.

Mwaka 1975, wakati sisi tunajiandaa na Operesheni Maduka, Kenya ilianzisha supamaketi ya serikali na kuiita Uchumi. Wenye hisa walikuwa mashirika ya umma, na mwanzoni waliopewa kuiendesha walikuwa kampuni ya Standa ya Italia. Lengo lilikuwa bidhaa muhimu zimfikie mwananchi kwa bei ya haki, na viwanda vya ndani vipate mahali pa kuuzia. Ukitazama ni lengo lilelile la RTC, ila Wakenya hawakufunga maduka ya watu wengine ili la kwao lifanikiwe. (Nacheka kidogo nikifikiria: mwaka 1983 Mtanzania akisikia neno uchumi anawaza wahujumu na mahabusu, Mkenya anawaza mahali pa kununua unga.) Mwaka 1992 hisa za Uchumi zikauzwa kwa wananchi katika soko la hisa la Nairobi.

Lakini supamaketi zilizokuja kuitingisha Afrika Mashariki hazikutoka Nairobi. Zilitoka Nakuru na viunga vyake, tena nyingine kwenye magodoro. Nakumatt ni kifupi cha Nakuru Mattresses, duka la ukoo wa Shah. Tuskys jina lake kamili ni Tusker Mattresses, ya Joram Kamau. Naivas ilianzia Rongai, hukohuko mkoa wa Bonde la Ufa, mwaka 1990, na mwanzilishi wake Peter Mukuha Kago alikuwa ndugu wa Joram Kamau. Mji mmoja wa wakulima, koo mbili, supamaketi tatu kubwa za nchi nzima. Sijui kama wanauchumi wameshaandika kitabu kuhusu hilo, ila wangepaswa.

Na majumba ya maduka nayo yakaja. Nairobi wanalo Sarit Centre tangu 1983, ambalo huhesabiwa kuwa la kwanza la aina yake Afrika Mashariki. Likafuata Village Market mwaka 1995, Westgate 2007, Thika Road Mall 2013, Garden City 2015, Two Rivers 2017. Sisi Mlimani City ilifunguliwa 2006, imejengwa na kampuni ya Turnstar ya Botswana kwenye ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chuo hupata sehemu ya mapato yake. Kwa hiyo duka kubwa likifunga pale, mwenye hasara siyo mzungu fulani wa mbali. Na chuo chetu kinaguswa.

Hapa lazima nieleze jinsi jumba la maduka linavyofanya kazi, maana wengi tunaona taa na ngazi za umeme tu. Anayetaka kujenga jumba huenda benki kukopa. Benki inamuuliza: mpangaji wako mkuu nani? Akitaja jina kubwa, mkopo unatoka. Huyo mpangaji mkuu anapewa eneo kubwa kuliko wote, kwa mkataba wa miaka mingi na kodi ndogo kwa kila mita ya mraba. Wenye fremu ndogo, muuza viatu, duka la dawa, saluni, ndio wanaolipa kodi kubwa zaidi kwa mita. Wanakubali kwa sababu wanajua mtu akija kununua mkate kwa mpangaji mkuu atapita mbele ya viatu vyao. Kwa maneno mengine wale wadogo wananunua miguu ya wateja wa yule mkubwa. Siku yule mkubwa akifunga, miguu inapungua lakini kodi ya pango inabaki ileile iliyoandikwa kwenye mkataba.

Tuje sasa kwenye kiini cha habari yenyewe. Wafanyabiashara wa Kariakoo wana msemo wao, mali kauli. Unachukua mzigo bila kulipa, ukishauza ndipo unapeleka hela. Kinachokulinda ni neno lako na sura yako. Ukikosea mara moja, mtaa mzima umejua kabla ya adhuhuri.

Supamaketi inaishi kwa mali kauli. Wanaoleta maziwa, mikate, unga, sabuni na mboga hawalipwi siku ile. Wanaambiwa wasubiri siku 30, 60, wakati mwingine 90. Chukueni mfano wa maziwa. Yanaletwa Jumatatu, yanauzwa Jumatatu hiyohiyo au Jumanne, tena kwa fedha taslimu. Mwenye ng'ombe atalipwa baada ya miezi miwili. Kwa siku zote hizo katikati, hela yake imo mikononi mwa mwenye supamaketi. Zidisha kwa maelfu ya bidhaa na makumi ya matawi, utaona mlima wa fedha ambao siyo faida wala siyo mkopo wa benki, na hauna riba.

Ukiwa na nidhamu, mlima huo unakupa bidhaa kwa bei nafuu. Ukikosa nidhamu, unaona ni wako. Unafungua tawi jipya. Tawi jipya nalo linaletewa mali kauli, linauza, fedha zake zinalipa madeni ya matawi ya zamani. Mambo yanakwenda, magazeti yanakupigia makofi, unafungua lingine Kampala, lingine Kigali, lingine Moshi. Hesabu inakubali mradi tu uendelee kufungua. Siku mauzo yakipungua kidogo, au ukikosa mahali pa kufungua, lile shimo linaonekana lote kwa mara moja.

Uchumi ndiyo ilikuwa ya kwanza kuonyesha shimo. Ilipanuka haraka mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikafunga milango mwanzoni mwa Juni 2006, ikawekwa chini ya mfilisi. Serikali ya Kenya ikaiokoa, ikafungua tena mwaka uleule, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Ilikuwa hadithi nzuri, hata huku kwetu ilisifiwa. Mngedhani somo limeeleweka. Uchumi ileile ikaanza upya kufungua matawi, safari hii ikavuka mipaka zaidi, na 2015 mkurugenzi wake akaondolewa, matawi ya Tanzania na Uganda yakafungwa, na waliouzia mali wakabaki na ankara mkononi.

Nakumatt ilikuwa kubwa zaidi. Ilipofika kileleni ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika nchi 4. Ilipita kwenye misiba ya kweli: moto wa tawi lake la katikati ya Nairobi Januari 2009 ulioua watu, halafu shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa na duka lake lililokuwa mpangaji mkuu likaharibika. Kuna wanaosema Westgate ndiyo iliyoimaliza. Mimi siamini. Kampuni iliyomaliza 2013 vibaya kiasi hicho isingenunua maduka ya Shoprite Tanzania 2014 kama haikuwa inalazimika kuendelea kufungua. Ilipofika 2017 walioleta mali walikuwa wamegoma, na rafu zikawa tupu, kuanzia Nairobi mpaka Mlimani City. Wafanyakazi walikuwa wakipanga chupa chache za maji mbele ya rafu ili zionekane zimejaa.

Mnaona sasa? Rafu tupu, kama RTC ya 1982. Ila RTC ilikosa mali kwa sababu nchi haikuwa nayo. Nakumatt ilikosa mali wakati viwanda vimejaa, maghala yamejaa, na magari ya wasambazaji yanapita nje ya mlango yakienda kwingine. Mali ilikuwepo tele, kauli ndiyo iliyokosekana.

Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifutwe. Matawi 6 yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas, yule ndugu wa Nakuru, kwa shilingi milioni 422 za Kenya. Madeni yalikuwa zaidi ya bilioni 30. Nilichukua kikokotoo: hata hela yote ya mauzo yale ingegawiwa kwa wanaodai bila kukatwa chochote, aliyekuwa anadai shilingi 100 angepata kama shilingi moja na senti 40. Na haigawiwi hivyo. Benki zenye dhamana zinatangulia, na aliyeleta mboga bila dhamana yupo nyuma kabisa ya foleni.

Tuskys nayo ikafuata njia hiyo 2020 na 2021, ikisaidiwa na ugomvi wa watoto wa marehemu ambao ulikuwa mahakamani miaka kadhaa, na kisha corona. Sitaiandika kwa urefu, ni sinema ileile yenye waigizaji wengine.

Mrudieni sasa Mangi. Mangi naye huchukua mali kauli kwa muuzaji wa jumla, tusimfanye malaika. Lakini ni ya siku chache, na anayemdai anajua anapolala. Kubwa zaidi, Mangi anakopesha. Ana daftari lililochakaa lenye majina ya nusu ya mtaa: mama fulani sukari robo, fundi fulani mkate na sigara mbili, mwandishi fulani (tusitajane) vocha. Anakupimia mafuta ya kupikia ya shilingi mia tano kwa sababu anajua leo ndiyo uliyonayo. Supamaketi inamdai mteja fedha taslimu halafu inamkopa mzalishaji. Mangi anabeba shida za mteja kwa hela yake mwenyewe. Ndiyo maana hawezi kufungua matawi 60, na ndiyo maana akianguka anaanguka peke yake.

Je, majumba ya maduka yatakufa? Sidhani, ila yanabadilika. Kenya nafasi nyingi za Nakumatt na wenzake zilichukuliwa na Naivas, na na Carrefour ya kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, iliyoingia Nairobi 2016. Shoprite walijaribu pia: walifungua Westgate Desemba 2018, na Septemba 2020 wakatangaza kuondoka. Naivas yenyewe haiko tena mikononi mwa ukoo peke yake. Mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius pamoja na wenzake walinunua asilimia 40. Wageni wenye mtaji wanaingia pale ambapo zamani ilikuwa hela ya muuza maziwa. Huenda hilo ni afadhali, maana mwenye hisa anajua amewekeza, wakati muuza maziwa aliwekeza bila kuulizwa.

Huku kwetu naona wenye majumba wameanza kuogopa kutegemea jina moja. Eneo la supamaketi linakatwakatwa vipande. Watu wanakwenda kule kwa ajili ya benki, chakula, sinema, ukumbi wa mikutano, zahanati, ofisi za simu. Nguo wanaziangalia kwenye vioo vya kule, halafu wanampigia kijana wa Kariakoo mwenye ukurasa Instagram, bodaboda inaleta jioni. Kwa mwenye fremu ndogo ya nguo ndani ya jumba hilo ni pigo, kwa sababu miguu ya mteja wa benki hainunui kama miguu ya mteja wa mkate. Swali ambalo yeye na mwenye jumba hawajalimaliza ni la kodi: kama mpangaji mkuu hayupo, kwa nini bado analipa kana kwamba yupo?

Na swali la mzalishaji liko palepale, hata kwa duka lisiloyumba. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha Carrefour nchini humo adhabu ya shilingi bilioni 1.1 kwa namna ilivyowabana wauzaji wake wawili kwenye mikataba, kampuni ikapinga uamuzi huo. Mmoja wa wauzaji hao ni kiwanda kikubwa cha mafuta ya kupikia cha Mombasa. Mwingine anauza asali. Kwetu Tanzania sijawahi kusikia muuza asali akiwashtaki wenye supamaketi, na wauza asali tunao wengi, wa Tabora mpaka Singida. Kama kuna anayeuza kwenye duka kubwa lolote hapa nchini na yuko tayari kunieleza amepewa siku ngapi za kusubiri hela yake, na zinapopita hizo siku anafanyaje, anitafute. Jina lake sitalitaja.